Koo la Bluu

"Fungua basi, kaka! Au unamngoja padri aje alibariki gunia?" Nolberto alisema, akacheka peke yake.

Casimiro Muiba aliweka brashi chini. Mezani yalitandazwa manyoya ya karatasi ngumu aliyokuwa akiyapaka rangi kwa ajili ya taji la huyu mdogo wake, mcheza ngoma wa mbele. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Ignasi. Kasuku wakubwa wa koo la bluu walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa manyoya, na wachezaji wa Moxos nzima walishakubali kucheza na ya karatasi. Ila Nolberto aliweka nadhiri kaburini kwa baba yao: mwaka huu atavaa manyoya halisi.

Casimiro akafungua gunia. Ndege aliyekuwamo alikuwa amekufa, mwili bado haujakakamaa. Mkia wa bluu, tumbo la njano. Akamgeuza kichwa, akaona koo nalo ni la bluu.

"Huyu si wale wa kawaida."

"Aa, kaka, si wale wale tu! Wako tele mtoni."

"Wa mtoni wana kidevu cheusi. Umempata wapi?"

"Kwenye michikichi, nyuma ya zizi lako. Walikuwa wawili. Na haki ya Mungu, hata hakuruka! Alinikodolea macho tu. Nikasema, huyu kaletwa na baba."

Miaka sita Casimiro alikuwa akiwamwagia wawili hao kokwa chini ya mti, mpaka wakamwona binadamu kama ng'ombe tu, wa kutoogopwa. Na alijivunia, tena sana. Sasa alingoja uchungu uje. Wapi! Mikono yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Shona basi, kaka."

Akayang'oa manyoya ya mkia, akashona. Ya halisi katikati, ya karatasi pembeni. Nolberto akalivaa taji, akapiga hatua mbili tatu uani, machozi yakamlengalenga.

"Baba angeniona!"

"Angekuona," alisema Casimiro.

Asubuhi, kengele za misa zikilia, alishika njia ya zizini. Yule kasuku aliyebaki alikuwepo. Ndege alipomwona, akashuka mpaka kuti la chini, akainamisha kichwa, akingoja kokwa.

Casimiro akaokota donge la udongo, akamtupia. Ndege akaruka, akatua mchikichi wa pili, akamtazama.

"Nenda," alisema, bila hasira. "Nenda, mjinga wewe."

Ndege akarudi kwenye kuti lake. Casimiro akainama kutafuta donge jingine, kubwa zaidi.