Mita Kumi na Nane za Mraba

Donatien ndiye aliyemwita mpimaji, na hilo mke wake Martine hakulisahau hata siku moja.

Donatien alikuwa na miaka sitini na minane. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja katika shule moja ya Kadutu, mjini Bukavu, akastaafu na nyumba ya vyumba sita kwenye mteremko wa Cimpunda. Kiwanja alikinunua zamani kwa mzee mmoja wa pale pale, kwa karatasi ya mkono: urefu mita ishirini na tano, upana kumi na tano. Mzee huyo alishakufa. Jirani wa chini naye alikuwa amekufa, na watoto wake walikuwa wakigombania kila tofali mbele ya hakimu. Donatien aliwaona ndugu hao wakipishana njiani bila salamu, akaogopa. Hakutaka Charlène na Delphin, watoto wake walioishi Uvira na Kindu, wafikie hapo. Akaenda ofisi ya ardhi kuomba cheti cha kiwanja.

Mpimaji alikuja Jumanne asubuhi, kijana mpole aliyeitwa Bruno, viatu vimejaa tope. Alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akapima juu, akapima chini, akaandika. Halafu akapima tena. Donatien alimtambua mtu anayerudia hesabu kwa sababu jibu halimfurahishi.

"Papa, kwenye karatasi muliandika ishirini na tano," Bruno alisema. "Miye napata ishirini."

"Haiwezekane. Nilivuta kamba miye mwenyewe, muzee akishika mwisho ingine."

"Muliivuta kwenye udongo?"

"Kwenye udongo, njo," Donatien alikubali.

Bruno alikilaza kiganja chake hewani, sawasawa kama meza. "Sheria haifuate udongo, papa. Inapima kama mutu anaangalia kutoka juu kabisa. Kwenye plan, ile ramani ya ofisi, mulima haiko."

Donatien aliangalia mteremko. "Kutoka mupaka wa juu kufika mupaka wa chini, tunashuka mita ngapi?"

"Kumi na tano."

Kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Pembetatu hiyo aliichora ubaoni kila mwaka, na wanafunzi waliipenda kwa kuwa namba zake hazina desimali. Upande uliolala mteremkoni lazima uwe mrefu kuliko ule uliolala chini. Hakuna aliyemwibia. Yule mzee hakudanganya, kamba haikudanganya, na kijana huyu hakudanganya.

Ikabaki nyumba. Kanuni ya mtaa wao ilisema nyumba isizidi nusu ya kiwanja. Donatien aliijua, ndiyo maana alijenga mita mia moja sitini na nane za mraba tu, akijisifu kwamba amebakiza nafasi. Sasa kiwanja kilikuwa na mita mia tatu za mraba, na nusu yake ni mia moja hamsini. Bruno alianza kubonyeza simu yake, lakini Donatien alimtangulia.

"Inazidi kwa kumi na nane."

"Njo, papa. Kumi na nane."

Martine alikuwa amesimama mlangoni na beseni la sombe, majani ya muhogo ya kupika. "Unamusaidia?" alimwuliza mume wake.

Kabla ya kuondoka, Bruno alieleza kwamba ofisi itatoa miezi mitatu ya kupunguza nyumba. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna watu wanaopanga na wakubwa, na faili inapita. Donatien akatikisa kichwa kukataa.

Jioni hiyo alikaa na karatasi na penseli. Chumba cha nyuma kilikuwa na mita sita kwa tatu.

"Ile ni chumba ya mama yangu," Martine alisema.

Mama yake, Koko Lucie, alikuwa na miaka themanini na sita na macho yake yalikuwa yamezimika. Chumba hicho alikijua kwa mkono: kitanda, dirisha, ukuta wa mawe wenye baridi, mlango.

"Kata salon," Martine alisema, akionyesha sebule.

"Salon iko mita makumi mbili na ine. Tena njo inashika paa."

"Kumbe umeshamaliza kuhesabu."

Charlène alipiga simu kutoka Uvira. "Papa, achana nayo. Nani atakuja kubomoa nyumba ya muzee?" Lakini Donatien aliona kwamba karatasi imeshaandika kosa, na siku atakayokufa karatasi itabaki, na watoto wake wataanza kutoka hapo.

Emile, fundi aliyekuja kubomoa, aliweka mkono kwenye ukuta wa mawe. "Mwalimu, hii inashika mulima."

Donatien alishuka tena hadi ofisini kuuliza. Wakamjibu kwamba ukuta usio na paa hauhesabiwi kuwa nyumba. Akarudi amefurahi, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Emile akaondoa paa na kuta za pembeni, akaacha ule wa mawe.

"Itasimama," alisema, akifuta mikono. "Lakini sasa iko peke yake."

Mlango wa chumba uliokuwa mwisho wa ukumbi mwembamba wa nyumba waliufunga kwa mbao na misumari. Koko Lucie alihamishiwa kitanda sebuleni. Hakulalamika. Ila kila siku baada ya kula aliinuka, akapapasa ukuta wa ukumbi mpaka kwenye zile mbao, akasimama pale. Martine alikuwa akimfuata na kumrudisha. "Maman, chumba haiko tena." "Najua," kikongwe alijibu. Kesho yake akaenda tena.

Cheti kilikuwa tayari Alhamisi moja ya Novemba. Donatien alikuwa ofisini, akitia sahihi, mvua ilipoanza saa nane mchana. Paa lililokuwa likiyakinga halikuwepo tena, na maji ya mlimani yaliingia moja kwa moja nyuma ya ukuta wa mawe. Ukuta ukalala. Udongo ukavunja zile mbao, ukajaza ukumbi hadi kwenye dari, na Koko Lucie alikuwa amesimama pale.

Donatien alipanda mlima na cheti ndani ya shati kisilowe. Aliwakuta majirani na majembe, na Martine amepiga magoti akichimba kwa beseni. Hakugeuka alipoitwa.

Walimzika Koko Lucie huko Nyantende, kijijini kwao. Bruno alikuja kwenye kilio, akachuchumaa mbele ya mwalimu, macho mekundu.

"Papa, niambie ukweli. Nilipima mubaya?"

"Hapana, mutoto wangu. Ulipima muzuri."

Martine aliyasikia maneno hayo. Matanga yalipoisha hakurudi Bukavu. Alibaki huko huko kijijini kwa kaka yake Didier.

Baada ya wiki tano Donatien alimfuata. Didier alimtolea kiti akakiweka nje, karibu na mlango, wala hakumwambia aingie. Martine alikuwa kwenye mkeka akichambua maharagwe.

"Mama Charlène," Donatien alisema, "nimekuja kukuambia nilikosea."

Martine aliinua macho. "Ulikosea wapi?"

"Kwa ile mambo ya nyumba."

"Wapi? Nionyeshe pahali."

Donatien alizipitia hatua kichwani. Alianzia kwenye kamba ya yule mzee, akapita kwenye chombo cha Bruno, kwenye nusu ya mia tatu, kwenye jibu la ofisi kuhusu ukuta. Alitafuta hatua moja tu ambayo angeweza kuikata kwa wino mwekundu na kusema ni hapa. Kila moja ilikuwa sahihi. Akarudi mwanzo, akapita tena.

Martine alingoja muda wa kutosha. Kisha akakusanya maharagwe yake, akaingia ndani.

Donatien alikaa pale hadi Didier alipotoka kumwambia kwamba gari la mwisho la kurudi mjini limeshawasha injini.