Mama, Tushuke?

Nesta hakuwa mtu wa kunyamaza. Sokoni Tunduma, upande wa samaki wakavu, ukimkosa kwa macho unampata kwa sauti. Anaita wateja, anagombana na kunguru, anawatania kwa salamu za kwao Wazambia wanaovuka kutoka Nakonde asubuhi na mapema: "Mulishani mukwai! Kambale wangu wananiuliza mbona leo mmechelewa!" Watu wanacheka, wananunua. Sauti ndiyo iliyomlea yeye na mwanawe tangu mume alipofariki, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwana alikuwa mmoja tu, Fides, na alikuwa Omani mwaka wa pili, kazi za ndani, kwenye mji mdogo wa pwani ambao jina lake lilimshinda Nesta kulitamka. Nyumba ya bosi wake ilitazamana na bahari, katikati ni barabara na mchanga tu. Na Fides alikuwa mbishi, jamani! Ukimwambia akae, anasimama. Ukimwambia avae sweta, anatoka na kanga. Alipotaka kwenda Omani mama yake alimlilia, akamnunia, akamwitia mpaka mchungaji. Wapi! Binti akamsikiliza mchungaji vizuri kabisa, akamkaribisha chai, na wiki iliyofuata akapanda basi.

Toka hapo wakawa wanaongea kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, maana kuandika kwa kidole Nesta hakukuweza. Kila siku, hata kama ni kuambiana tu wamekula nini.

Jumanne hiyo, saa tatu na kitu, Nesta alikuwa ndiyo kwanza amefungua mzigo wa kambale, na mama mmoja wa Nakonde ameshainama anachagua. Simu ikalia. Fides.

"Mama, shikamoo. Huku leo kuna maajabu! Ardhi imetikisika mpaka sufuria zimeanguka jikoni. Sasa bahari imeondoka, Mama! Haki ya Mungu, imerudi nyuma huko mbali, imebaki tope tupu, na samaki wanarukaruka humo. Niko hapa ukutani na Irene na wasichana wa nyumba za jirani. Bosi kalala. Wengine wanasema tushuke tukaokote, wengine wanaogopa. Mama, tushuke?"

Sasa, kabla hujamtia Nesta hatiani, ujue alikotoka. Nesta alizaliwa bondeni, chini ya Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa. Ziwa lile lina tabia ya kujivuta. Kiangazi kikikaza maji yanarudi nyuma, yanaacha tope, na kwenye tope wanabaki kambale wamejizika hadi shingoni. Hapo kijiji kizima kinashuka, wake kwa waume, matenga kichwani, na anayefika mbele ndiye anayeokota wakubwa. Akiwa na miaka tisa Nesta alitumbukia kwenye tope lile hadi kifuani, akatoka na kambale mrefu kuliko mkono wake, na hadithi hiyo Fides aliisikia mpaka akaichoka. Kuhusu ardhi kutikisika, nani mkoani Songwe asiyejua tetemeko? Vikombe vinagongana kabatini, mtu anasema "Ee Bwana," anaendelea kumenya viazi. Bahari yenyewe Nesta hakuwahi kuiona hata siku moja. Kwake maji yaliyoondoka yalikuwa maji yaliyoondoka.

Akabonyeza maiki, akaweka simu mdomoni.

"Marahaba. Ebo! Mtoto wa mtu wa Rukwa unaniuliza swali kama hilo? Shuka! Mboga imejileta yenyewe na wewe umesimama ukutani? Vua viatu, usiogope tope, chukua na beseni. Na usiokote vidogo hapo karibu, nenda mbele kabisa kule maji yalipoishia, huko ndiko wanakobaki wakubwa. Wahi, wenzio wasije wakakutangulia!"

Akacheka. Mama wa Nakonde naye akacheka, akalipa kambale wake wanne, akavuka kurudi kwao. Nesta akaendelea kuita wateja.

Saa saba watu wakaanza kujazana kwenye kibanda cha Zabron, fundi simu, ambaye alikuwa na televisheni ndogo juu ya meza. Nesta akaenda kuona kuna nini, kambale bado mkononi. Kwenye kioo maji meusi yalikuwa yanabeba magari. Yanabeba nyumba, mitungi ya gesi, mnara wa msikiti ukaonekana umesimama peke yake katikati ya maji, halafu nao ukainama. Tetemeko kubwa chini ya bahari, mtangazaji akasema, upande wa Omani. Halafu akaeleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la pili, kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla baada ya tetemeko hiyo ndiyo dalili yenyewe, maana yake inakuja, na mtu akiona hivyo asishuke hata kidogo, akimbilie mlimani.

Kambale akamdondoka Nesta. Mtu akamkanyaga yule kambale.

Alipiga simu ya Fides mpaka kidole kikafa ganzi. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mwishowe akamsogelea Zabron, akamwonyesha kioo kwa mbali, simu ameishika mwenyewe.

"Baba, hapa mtu ukimtumia sauti, unajuaje kama ameisikiliza?"

Zabron, mtu mpole na mwelewa, akachungulia. "Hako ka maiki pembeni, Mama Fides. Kakigeuka rangi ya bluu, ujue ameisikiliza."

Kalikuwa bluu.

Hapo ndipo Nesta alipoanza kuishi kwa tumaini moja la ajabu ambalo sidhani kama kuna mama mwingine amewahi kulipata. Aliomba mwanawe awe amemkaidi. Alikaa kitandani akamhesabia Mungu ubishi wote wa Fides, tangu alipokataa kunyonya hadi alipokataa kuolewa na mwalimu wa Hasamba, mwanaume mzuri tu mwenye shamba la kahawa. Bwana, unamjua huyu mtoto. Lini amewahi kunisikiliza? Nikimwambia shuka, si atapanda? Alisema hivyo siku nzima ya Jumatano, akaamini, akapika hata uji akanywa.

Jumatano hiyohiyo alasiri ikaja habari kwamba Osward ameshatoka kijijini Chitete, yuko njiani. Osward alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wake, msemaji wa ukoo, mtu wa kukagua kila kitu hadi mlango wa choo. Nesta alijua ataomba simu. Atataka kusikia maneno ya mwisho ya mtoto, na baada ya hayo atasikia ya mama. Shuka! Nenda mbele kabisa! Akajifunga kanga, akarudi kwa Zabron.

"Nina matangazo ya kipuuzi yananijazia simu. Nifute vipi?"

"Bonyeza ukandamize, mama. Ikishajichagua, unaona hilo pipa la taka juu? Gusa. Itakuuliza, wewe kubali."

Akaenda nyuma ya choo cha soko, akabonyeza akakandamiza. Simu ikamwuliza. Akakubali. Lo, jinsi ilivyokuwa rahisi! Maneno yake yote yaliondoka, ikabaki sauti ya Fides peke yake chini kabisa, na baada yake hakuna kitu. Nesta alisikia nafuu, na mara moja akaichukia nafuu yenyewe. Aliona aibu iliyomchoma masikio.

Osward alipofika alikataa turubai lisifungwe. "Hatuna mwili, hatuna habari. Nani amesema huu ni msiba?" Basi watu wakakaa nusunusu, hawajui walie au wasubiri. Wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje, na kila aliyefika alikuwa anasema pole halafu anajirudi: "Yaani, pole ya kusubiri." Siku tatu zikapita hivyo. Nesta, yule wa sokoni, hakutoa neno. Watu wakasema ni uchungu.

Jumamosi saa nne asubuhi simu yake ikaita kwa namba ndefu isiyojulikana. Akachoropoka nayo hadi jiko la nje, akafunga mlango.

"Mama Fides? Shikamoo, Mama. Ni Irene."

Irene alikuwa binti wa Iyula, kule Mbozi, waliyeondoka naye Fides kwenye basi moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka machozi yakamwishia.

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

"Mama, nimeazima simu ya nesi, wataichukua sasa hivi."

"Irene. Alishuka?"

"Alishuka, Mama."

Nesta akashika ukuta. Ukuta wa jiko ulikuwa na masizi, ukamwachia mkono mweusi.

"Tulikuwa tunaogopa wote," Irene akasema. "Hata yeye. Yeye ndiye aliyesema hii siyo kawaida, tusubiri kwanza. Halafu sauti yako ikaingia. Akatuwekea tuisikie wote, akacheka sana. Akasema, mama yangu ni mtu wa ziwa, maji anayajua kuliko hawa Waarabu. Akasema, mimi maisha yangu yote sijawahi kumsikiliza, leo acha nimsikilize. Akavua viatu. Wakashuka wote, Mama, wasichana tisa. Alienda mbele kabisa, namwona anatupungia mkono. Mimi akanirudisha ndani nilete beseni kwa sababu ulisema beseni. Nilikuwa jikoni nikasikia mngurumo, nikapanda juu ya tangi la maji." Akavuta pumzi. "Mama, mimi nimepona kwa ajili ya beseni lako. Nilitaka nikushukuru. Mungu akubariki."

Simu ikakatika. Nesta akapiga tena na tena. Haipatikani.

Alikaa chini pale jikoni kati ya majivu na maganda ya ndizi. Siku moja. Miaka ishirini na nne aliishi yule mtoto, yote ya kumfuata na fimbo ya mdomo, vaa hiki, acha hicho, na alikuja kutii siku moja tu. Na wengine wanane ambao Nesta hakujua hata majina ya mama zao. Hakulia. Aliona tu kwamba lazima aseme. Aseme mbele za watu, wamtukane, wamfukuze, Osward amwite muuaji, apate walau mtu mmoja wa kumwambia ndiyo, ni wewe.

Akatoka nje akasema, "Fides hayupo. Irene amepiga." Kilio kikapasuka mpaka barabarani. Vijana wakafunga turubai sasa, viti vikaletwa kutoka kanisani, na spika, na maiki ya waya. Kabla Nesta hajapata pa kuanzia, Osward alikuwa ameshaichukua simu mikononi mwake, taratibu, kwa heshima.

"Ndugu zangu," akasema kwenye maiki, "hatuna mwili wa kuaga. Tutaaga sauti." Akaiweka simu karibu na maiki.

Mama, shikamoo. Huku leo kuna maajabu! Mtaa mzima ukamsikia Fides, sufuria zake, samaki wake, na mwisho: Mama, tushuke?

Ikakatika hapo. Osward akasubiri, akatazama kioo, akapitisha kidole juu na chini. Akavua miwani.

"Mmesikia. Mtoto aliuliza, na mama yake alikuwa sokoni kwenye kelele, akitafuta riziki, hakuwahi kumjibu." Akamgeukia Nesta. "Shemeji, mbele za watu hawa nakuambia usijilaumu. Ungeiwahi ile sauti, ungemwambia akimbie. Hukupewa nafasi."

Nesta akasimama. "Nilimjibu."

"Kaa chini, mama," wanawake wakamwambia.

"Nilimjibu! Nilimwambia ashuke! Nilimwambia aende mbele kabisa!"

Wakamdaka mabegani, kiunoni. "Uchungu huo," mmoja akasema. "Mwacheni, ndivyo tunavyokuwa." Mwingine akaanza kumpepea na kanga. Nesta akapiga kelele ile ya sokoni, ile iliyokuwa ikivuka soko zima: kwamba mama mmoja wa Nakonde alimsikia, kwamba aliifuta mwenyewe, kwamba wamwulize Zabron, Zabron yule pale, ndiye aliyemfundisha kufuta!

Watu wakageuka. Zabron alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kofia magotini. Alimtazama Nesta, na Nesta akaona wazi kabisa kwamba ameelewa, ka maiki ka bluu na pipa la taka na kila kitu. Akainuka nusu.

"Mama," akasema kwa huruma, "tulifuta matangazo tu."

"Mnaona," Osward akasema polepole. "Jamani mpeni maji."

Wakampa maji. Wakamnyoosha miguu kwenye mkeka, wakamshika, wakamsugua mgongo, wakamwambia yeye ni mama mwema na Mungu anajua. Sauti ilikuwa imemkauka, akifungua mdomo kunatoka upepo tu. Saa tisa likafika lori la ndugu kutoka Chitete, watu wa ukoo ambao hawakuwa wamesikia, na Osward akawaambia wakae chini kwanza, akairudia ile sauti ya Fides tangu mwanzo.