Mzigo Usio wa Lazima

Usiku wa jana niliota nimealikwa chuo kikuu kushuhudia utafiti wa setilaiti. Sikushangaa. Umeme niliusoma darasa la jioni, baada ya kazi, na vyeti ninavyo. Kilichonishangaza ni kwamba walichelewa kunialika.

Profesa Lwitiko alikuwa akiwatambulisha wageni, kisha wageni wakamtambulisha yeye. Nikachungulia dirishani, nikaiona dunia iko chini, ya bluu. Ukumbi ndio uliokuwa setilaiti. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, kwa kuwa halikuwemo kwenye ratiba.

Jua linazama nyuma ya dunia. Paneli za sola zilizo nje zinapiga miayo. Kwenye kona Betri, mama mnene aliyejifunga kanga mbili, anakohoa.

"Wanangu, tumeingia kivulini. Chaji hii haitufikishi kwenye jua. Mzigo usio wa lazima, wote unaokula chaji bure, uzimwe. Nikizimika mimi, hatuamki tena."

Tusekile, mwanafunzi aliyeiunda setilaiti, akasimama. "Prof, utafiti wangu wote umo humu. Nakuomba tupunguze mzigo."

"Binti, kaa. Mgeni rasmi hajazungumza."

"Basi tuanze na huyo," akasema Betri.

Mgeni rasmi akasimama. "Itifaki imezinga..." Akazimika, mdomo wazi, kidole juu. Watu wakapiga makofi. Walisema hajapata kutoa hotuba nzuri kama ile.

Betri akamgeukia Profesa. "Na wewe unafanya kazi gani?"

"Nasimamia utafiti."

"Wa nani?"

"Wa huyu... binti."

"Jina lake?"

Profesa akatazama dari. Akazimika akiwa bado analitafuta.

Kamati ya maandalizi ikazimika yote kwa pamoja. Hakuna shughuli iliyosimama.

"Bado haitoshi," Betri anasema, sauti imekwisha. Ananitazama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe nawe ni wa lazima?"

Nikaanza na cheti cha kwanza. Nikaingia cha pili, pamoja na maelezo ya mtihani wake ulivyokuwa mgumu. Taa zikafifia. Barafu ikaanza kuota ukutani.

"Babu," Tusekile ananiambia taratibu, "samahani sana. Hivyo vyeti vinakula chaji."

Nilikuwa na jibu zuri, refu. Nikamtazama yule mtoto, machozi yamemganda shavuni, nikalimeza. Nikapapasa nyuma ya sikio langu, nikakuta swichi, nikaibonyeza mwenyewe. Mtu mwenye elimu hangoji kuzimwa.

Giza.

Halafu kwa mbali kigelegele cha Tusekile, na Betri akisema, "Tumevuka, wanangu."

Nikafumbua macho, jua limenipiga usoni. Mke wangu, Sikudhani, ameketi ukingoni mwa kitanda, hana raha.

"Usiku kucha hukukoroma," akasema. "Nikakutikisa, wapi! Wa baridi kama jiwe. Nilikuwa nawaza nimpigie nani kwanza. Jua lilipoingia tu dirishani, ukaendelea na koromo pale pale ulipoliachia."

Nikapeleka mkono nyuma ya sikio. Swichi ipo.

Sikudhani naye ameiona. Tangu asubuhi, kila nikianza kusimulia habari za masomo yangu, ananisogelea kwa upole na kuninyoosha kola, upande ule wenye swichi.