Mwamshaji na Joho Lisilo na Mgongo

Siku ile mtambo wa kupoza maziwa wa ushirika wetu, kule milimani Njombe, ulikataa kuwaka. Asubuhi nilikuwa naiwekea kompyuta yake ndogo programu mpya, umeme ukakatika kazi ikiwa nusu, na tangu hapo kimya. Mwenyekiti wetu, Mama Luvanda, akaniambia, "Mbwilo mwanangu, maziwa ya kaya themanini haya. Jioni hayafiki." Nilihangaika hadi alasiri, nikajiegemeza ukutani, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi yenye nuru ya mapambazuko, mito yake imesimama, ndege midomo wazi bila sauti, kila kitu kikingoja mtawala aketi kitini. Bibi mmoja mrefu, jina lake Hadhari, akaniongoza hadi jumba la enzi, ambako mtu mfupi mchangamfu alilinda mlango. "Huyu ni Mwamshaji," akasema Hadhari. "Huamka kabla ya wote, lakini hatawali. Humkagua mtawala, humketisha, kisha hujiondokea." Mara akaja Majivuno katika joho jipya la kumeremeta. Mwamshaji akamgeuza: mgongoni hapakuwa na kitambaa, na muhuri wake wa enzi ulikuwa nusu.

"Mimi ndiye mpya!" akafoka Majivuno.

"Upya naupenda, bwana, ila nusu mtu hatawali."

Nikaona aibu, nikamtetea. "Mpitishe tu, nimemleta mimi."

Hadhari akanitazama kwa upole. "Na yule mtawala wa zamani, aliye katika chumba cha pili? Hakufukuzwa, mwanangu. Hajaitwa tu."

Nikakimbia, nikagonga, nikaita. Akatoka Uaminifu, nguo zake za zamani, muhuri wake mzima. Mwamshaji akamketisha, na papo hapo mito ikatiririka, ndege wakapasua anga kwa nyimbo, hata Majivuno akacheza, mgongo wazi!

"Unacheka usingizini, Mbwilo?" Mama Luvanda alikuwa akinitikisa.

Nikaruka. Programu ya zamani ilikuwa bado nzima katika sehemu ya pili ya kumbukumbu ya kompyuta. Ile programu ndogo inayoamsha mtambo ilingoja tu nilegeze shingo yangu ngumu, niiagize iipakie hiyo ya zamani. Nikaiagiza. Taa ikawa ya kijani, mtambo ukanguruma, joto la maziwa likaanza kushuka. Mama Luvanda akapiga vigelegele, na akina mama waliosubiri na ndoo zao wakaitikia hadi bati la paa likatetema. Mimi si mtu wa kucheza mbele za watu, lakini nilicheza.