Kumchagulia Madeleine Mashine ya Vumbi

Kalume alikuwa amechutama ndani ya gereji moja ya Kakoba, mjini Mbarara, akinusa mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Aliupiga kofi, akatazama unga wa mbao ukichujika kwenye nyuzi za kitambaa, kisha akapangusa uso kwa mkono wa shati. Mwenye gereji, mwanamke aliyeitwa Gorret, alikuwa amesimama mlangoni amevaa buti za kijeshi za mumewe. Alikuwa amezijaza mchanga mpaka juu ya vifundo vya miguu, na kila alipotaka kusogea ilimbidi akokote mguu mmoja kwanza, halafu wa pili.

"Hiyo ndogo inavuta maranda tu," Gorret alisema. "Unga laini inatema nje. Mimi nasema wewe ukweli, ssebo, sitaki urudi hapa na matusi."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo inavuta kila kitu. Nyumbani yako iko mtu anangoja?"

"Bibi yangu, mama wa mtoto wangu."

"Miaka mingi?"

"Mingi, Mama."

Gorret aliguna. "Basi fikiria vizuri. Mimi ilinimeza."

Akaeleza bila kupamba. Gereji hiyo ilikuwa ya mumewe, askari aliyependa useremala kuliko gwaride. Alipelekwa kazi ya mbali, wenzake wakarudi, yeye hakurudi, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa angoje. Siku moja shemeji yake aliwasha mashine kubwa kuijaribu, wakati Gorret anapita na birika la chai. Walimtoa mfukoni akiwa mzima, nywele zimejaa maranda. Chai ndiyo iliyopotea.

Kwa Kalume jambo hilo halikuwa geni. Kule Nakivale, wakimbizi walikokaa tangu walipotoka Kongo, kila mtu alijua kwamba anayengoja hupungukiwa uzito. Si kukonda. Mwili hubaki vilevile, mashavu yale yale, ila uzito ndio unaoondoka. Kwanza nyayo zinaacha kuonekana kwenye matope. Baadaye mtu hawezi kwenda kisimani siku ya upepo bila mawe mfukoni. Kanisani mabenchi ya nyuma yalifungwa kamba kwa ajili ya waliongoja tangu zamani, na mchungaji alikuwa na adabu ya kutowapa mkono kwa nguvu. Hakuna aliyewaandikia wakubwa jambo hilo, maana wakubwa wangejibu kwamba wamelipokea, na watu wangejikuta wanangoja na hilo pia.

Kalume mwenyewe aliwahi kuwa mwepesi. Kisha mwaka ule aliponunua randa ya umeme alijiambia kwamba hawa watu wa ofisi ya kupeleka wakimbizi ng'ambo hawatamwita kamwe, na heri atengeneze vitanda. Usiku ule ule kitanda chake kililia chini yake kama zamani. Hakumwambia mkewe. Aliona haya, kama mtu aliyekula peke yake wakati wenzake wamefunga.

Mkewe, Madeleine, asingeweza kuacha kungoja. Sonia, mtoto wao wa pekee, alivuka mpaka na shangazi yake siku walipoukimbia mji wao wa Uvira, akaandikishwa kwa shangazi, na shangazi alipopelekwa ng'ambo Sonia akapelekwa naye. Wazazi waliambiwa watafuata. Sonia alipoondoka alikuwa bado anakojoa kitandani. Sasa kwenye simu sauti yake ilikuwa ya msichana mkubwa, na Kiswahili chake kilisimama kila baada ya maneno machache, kikitafuta njia.

Mwishowe waliitwa kupimwa afya. Daktari akampiga Madeleine picha ya kifua, akaikuta imejaa ukungu. Karakana ya Kalume iliegemea nyumba yao, ikitenganishwa nayo na turubai tu, na vumbi la mvule halijui turubai. Daktari alisema kifua kisafi kwanza, safari baadaye. Ndiyo maana Kalume alikuwa amechutama Kakoba.

Aliiwasha ndogo, akaizima. Aliiwasha kubwa, akasikiliza beringi. Zilizunguka bila kukwaruza. Aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, nao ukakishika kama mtoto asiyetaka kuachwa shuleni. Alifahamu kwamba ndogo ingemwachia Madeleine uhai na ukungu wake. Kubwa ingemsafishia njia ya kwenda kwa mwanawe, au ingemla.

"Hii," alisema.

"Sikia, fundi," Gorret alimwambia. "Mashine weka nje. Bomba pitisha ndani ya ukuta. Na mama unamfunga kabla ya kuwasha. Kabla, si baada."

Bei hawakuvutana sana. Wote wawili walikuwa wamechoka.

Nyumbani Madeleine aliizunguka mashine, akiwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja. "Hii ndiyo itanifikisha kwa Sonia?"

"Itasafisha kifua."

"Basi nifunge."

Kalume alimfunga kiunoni kwa kikwembe chake cha kitenge, akakaza fundo kwenye nguzo ya kati. Mota iliponguruma, miguu ya Madeleine iliinuka ikaelekea kwenye bomba, mwili wote ukanyooka hewani kama pazia la dirishani. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuyachambua hivyo hivyo, ungo akiubana kifuani. Maharage machache yalikwenda. Kalume alipomaliza kupiga randa alizima, mkewe akashuka, akakunja kikwembe.

Majuma yakapita. Sufuria zilianza kung'aa, mashuka yakaacha kuwasha, na kikohozi kikaondoka kidogo kidogo, kama mgeni asiyetaka kuaga. Lakini mashine iliondoa pia vumbi lililokuwa limemlalia Madeleine kwenye nywele, mabegani na ndani ya pindo za nguo kwa miaka yote hiyo, na hapo ndipo Kalume alipotambua vumbi lile lilikuwa linamsaidia kubaki chini kiasi gani. Asubuhi moja hakumwona kitandani. Alikuwa juu, mgongo umegusa mabati, anaomba chai. Majirani hawakuja kutazama, walikuwa na wa kwao wa kufunga.

Siku ya kurudi kwa daktari, Kalume alimwongoza kwa mkono, koti lake limejaa mawe. Picha ilitoka safi kabisa. Wakamvua koti, wakamsimamisha kwenye mizani, mshale haukutikisika. Daktari aliandika sifuri, akaita mgonjwa mwingine.

Dirishani, msichana wa ofisi aliwapongeza. Alisema kesi yao inakwenda vizuri sana.

"Sasa tunaenda siku gani?" Kalume aliuliza.

"Mngoje. Mtaitwa."

Madeleine aliinuka pale pale mbele ya kaunta, koti la mawe na yote, na Kalume akamvuta sketi ashuke, kwa ajili ya heshima.

Baada ya hapo mawe hayakufaa kitu. Yalipasua mifuko yakaanguka, yeye akabaki juu. Adhuhuri mabati yalipochemka aliungua mgongo, akawa anajigeuza huku na huku akilia kimya kimya, na Kalume chini alisimama na randa mkononi, hana la kufanya. Hasira zilimpanda, akakosa wa kumpelekea. Jioni moja, ugali na dagaa vikiwa mezani, aliinua uso.

"Madeleine, acha kungoja. Mimi niliacha. Tangu zamani."

"Najua," mkewe alijibu kutoka juu. "Kitanda kilisema."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Kulikuwa lazima mumoja abakie na uzito, wa kufanya kazi. Lakini na miye nikiacha, nani atabakia anamungoja mutoto?"

Kalume alitoka nje, akaufungua mfuko wa mashine, akaujaza ungo vumbi la mvule, lile laini kabisa. Alipanda juu ya benchi lake la kazi na kuanza kumnyunyizia mkewe, kwenye nywele kwanza, halafu mabegani, halafu mikunjo ya nguo. Madeleine alifumba macho. Alishuka polepole, upande wa miguu kwanza, mpaka akaketi mkekani.

Akakohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Kalume, Mungu amsamehe, alifurahi, kwa sababu mkewe alikuwa ameketi karibu naye na bega lake lilikuwa zito.

"Kifua kitachafuka tena," Madeleine alisema.

"Kitachafuka."

"Na bakituita kesho?"

Kalume alichota konzi nyingine ya vumbi, akaimwaga taratibu mapajani mwa mkewe.

"Kula kwanza," alisema.