Vidole Vinne Kwenye Majani ya Maboga

Ukungu mweupe ulikuwa umeyapaka majani ya maboga ya Concilie kama mandazi yaliyoangukia kwenye unga. Ndivyo alivyosema mdogo wake Arnaud, mtu ambaye hata msibani ulimi wake haukai kitako. Concilie hakucheka. Mbegu zile marehemu mama yao alikuja nazo hapa Musaga zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Hakukuwa na nyingine. Mashina yakifa kabla maboga hayajakomaa, ndiyo basi tena.

Dawa aliivundika mwenyewe mtungini: udongo wa bustani, maji, na mabawa ya kumbikumbi. Agronomu, bwana shamba wa mtaa, alikuwa amemweleza kwamba vijidudu vya udongo vikizoea kula mabawa, hutoa kimeng'enya cha kuyayeyusha. Na ngozi ya ukungu ina kitu kilekile kilichomo kwenye bawa. Kimeng'enya kikiigusa, kinaila.

Jioni, kabla ya kunyunyiza, alimwaga kikombe cha kwanza chini, kama mama alivyofanya kila alipofungua mtungi wa pombe ya ndizi.

"Ee dada! Wafu nao unawanywesha dawa ya maboga?" Arnaud alicheka. "Mama atakuja kudai ya ndizi!"

"Nyamaza, we mutoto."

Dawa ikaishia katikati ya shamba. Mistari ya mwisho, kando ya ukuta wa ua, haikupata hata tone.

Siku chache baadaye walirudi kutazama. Palipopata dawa, ukungu ulikuwa umesinyaa, majani yanapumua. Concilie akasogea ukutani, roho mkononi, kuyaaga yaliyobaki.

Akasimama.

Kila jani lilikuwa limefutwa. Katikati ya ule unga mweupe palikuwa na alama ya kiganja, kijani kibichi, jani baada ya jani mpaka mwisho wa mstari. Kiganja cha vidole vinne.

Kidole kidogo cha mama kilikwenda na panga, akikata ndizi, wao wakiwa wadogo.

"Arnaud, huu mchezo ni wako?"

"Apana, dada." Aliinua mikono yote miwili. "Mi niko navyo kumi. Hesabu." Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. Akageuka kuelekea njiani.

Hapo Concilie akauona mgongo wake. Kwenye shati jeusi, pale mama alipozoea kumpiga kofi utani ukizidi, palikuwa na kiganja cheupe, unga bado mbichi.

"Mbona huji?" Arnaud aliuliza, bila kugeuka.

"Twende Bwiza," Concilie alisema taratibu. "Tutafute pombe ya ndizi."