Jozi Moja Mdomoni mwa Shimo

Nina kitendawili, wewe unayenisikiliza, na usikimbilie kujibu. Tunaenda naye kila pahali, yeye juu, sisi chini. Akifika mlangoni anatuacha nje. Akikawia, tunamungoja bila kumuita. Asipotoka, sisi ndio tunaosema kwamba bado iko ndani. Sisi ni nani?

Kaa nacho mdomoni kama karanga. Jibu litakuja lenyewe.

Ninaitwa Safia, na hapa Kasongo mtaa mzima unaniita Koko, yaani bibi, hata wenye mvi kunizidi. Chumba kimoja cha nyumba yangu nilimpangisha Lwamba na mke wake Consolée, watoto wa Fizi waliofuata dhahabu. Wao ni wa kanisa, mimi ni wa msikiti, lakini sombe, majani ya muhogo, tulitwanga katika kinu kimoja. Lwamba alikuwa anachimba Lusangi pamoja na rafiki yake Marcellin. Wanakaa huko majuma mawili, wanarudi kwangu siku tatu, wanakula kama nzige, wanaenda tena.

Mara ya mwisho Lwamba alipoondoka, Consolée alikuwa mtoni na mimba yake ya miezi minane. Kambambili yake moja ilikatika ukanda mbele ya mlango wangu. Zilikuwa kambambili nyeusi za mpira, kama zote za sokoni. Nikamwambia, baba, keti. Nikaishona kwa uzi wa nyavu alioniletea ndugu yangu Abedi kutoka Nyangwe, uzi wa bluu, mishono saba, na fundo kubwa pembeni. Lwamba akacheka, akasema sasa hata mamba ataishindwa. Akaenda.

Siku ya nne udongo ukatingishika.

Sisi tulijua mambo hayo ni ya Goma, kwenye milima ya moto. Udongo wa kwetu ni mzee, umelala; hata bibi yangu hakunisimulia kwamba uliwahi kuamka. Ilikuwa saa tisa ya mchana. Kwanza kuku walinyamaza. Halafu maji ya mtungi yakaanza kuchora duara, na nikasikia kama lori kubwa linapita chini ya mkeka wangu. Consolée alishika tumbo, mimi nikamshika Consolée. Ukuta ulipasuka toka juu mpaka chini. Jirani yangu, Mwalimu Iliasi, alinieleza baadaye kwamba hata katikati ya nchi, mbali na milima ya moto, chini kabisa kuna majeraha ya zamani. Yamefunikwa, miti imeota juu yake, watu wamejenga na kusahau, lakini siku moja yanauma. Nikamuuliza yatauma mpaka lini. Akasema hata wenye mashine hawajui.

Kesho yake Marcellin alifika peke yake, vumbi mpaka kwenye kope. Alisema kule Lusangi kila mutu alikimbia upande wake, na wengi walipitiliza kwenda kwenye migodi ya Kabambare, labda Lwamba naye. Alisema hiyo "labda" bila kutuangalia. Kwangu hakuna anayekanyaga mkeka na viatu, kwa hiyo alivua kambambili mlangoni, akaingia. Nilipotoka kumwaga maji niliona uzi wa bluu. Nikahesabu mishono. Saba.

Nilirudi nikamuuliza taratibu, Consolée akiwa jikoni: "Marcellin, kambambili hizi ni za nani?"

Aligeuza uso ukutani, akasema ana usingizi. Mimi nikajiambia, wachimbaji wanaazimana kila kitu, hata shati. Nikaacha. Kosa langu liko hapo, na ninalitaja ili ulione.

Tangu siku hiyo udongo haukutulia. Mara mbili, mara tatu kwa siku, kidogo tu, kama ngumi ya mutu aliyechoka. Consolée alisema inagonga mara tatu, inanyamaza, inagonga tena. Nilimjibu kwamba ni udongo tu. Akaniuliza, sasa udongo unamtafuta nani?

Halafu kambambili zenyewe. Kila baada ya kutingishika nilizikuta zimesogea. Ni kweli, sufuria nazo zilisogea, lakini sufuria zilielekea popote. Kambambili zilielekea ndani, ncha mbele, kama za mutu anayepiga hodi. Nikizigeuza zielekee njiani, baadaye nazikuta tena vilevile. Consolée, na tumbo lile, hakuwa anaangalia chini. Marcellin alikuwa anakula amesimama. Hakuketi chini hata mara moja.

Siku ya sita tangu tetemeko akaja Bienvenu, kijana wa pikipiki, ametoka Lusangi na mdomo umejaa habari. Lazima nikueleze kwanza desturi ya kule. Anayeshuka shimoni anashuka miguu mitupu, ili vidole vishike udongo. Viatu vyake anaviacha juu, mdomoni mwa shimo. Akitoka, anavaa. Kwa hiyo mukubwa wa shimo hana haja ya kuita majina: akiona viatu, kuna mutu ndani, asipoona, hakuna.

Bienvenu alituambia kwamba tetemeko lilipotulia, mukubwa wa shimo alirudi akakuta jozi moja tu. Kambambili nyekundu, kisigino kimeungua na moto. Kila mutu alizijua, ni za Marcellin, na kila mutu alikuwa amemuona Marcellin akikimbia kama sungura. Walicheka mpaka wakaketi. Wakasema shimo ni tupu, na kwa kuwa kuta zilikuwa zinaanguka, wakalifunga kwa miti na udongo mbuzi wasitumbukie.

"Mwanaume wa mbio," Bienvenu alimwambia Marcellin, "viatu vyako viko kule vinakungoja, na wewe uko hapa unakula sombe ya Koko."

Consolée alicheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile. Mimi sikucheka. Marcellin alifika kwangu na kambambili miguuni. Kama zake zilibaki kule, basi katika mbio alivaa za mwenzake. Na huyo mwenzake, watu walipotazama mdomo wa shimo, hakuwa na kiatu cha kumsemea.

Alasiri hiyo niliswali. Niliposujudu, paji la uso kwenye mkeka, nilisikia kugonga. Mara tatu. Nikafikiria ile siku Marcellin alipofika na nikahesabu mishono. Labda siku ile kungekuwa bado na mutu hai wa kufukua.

Consolée akatuambia anaenda Kabambare kumtafuta mume wake, kwa pikipiki ya Bienvenu, siku mbili za matope, na watu wa bunduki njiani, na tumbo lile. Majirani walimwomba asiende. Akasimama katikati ya uwanja akasema: "Mumoja tu aniambie Lwamba amekufa, nitaketi nimulie. Hakuna? Basi mutoto wangu hatazaliwa kabla sijamupata baba yake."

Marcellin alikuwepo. Mimi pia nilikuwepo. Niliogopa nikilisema neno hilo, mimba itatoka. Na niliogopa kitu kingine: kama halijasemwa, Lwamba bado iko hai kidogo.

Asubuhi mzigo ulifungwa kwenye pikipiki, injini ikawashwa. Consolée alikuja mlangoni kuniaga, akashika mikono yangu miwili. Hapo kuku wakanyamaza. Maji ya mtungi yakachora duara. Udongo ukagonga mara tatu, ukanyamaza, na kwenye kizingiti, mbele ya miguu yetu, kambambili nyeusi zikajisogeza kidogo, zikaelekea ndani.

Consolée aliziona. Aliliangalia lile fundo la bluu, halafu akaniangalia mimi, kwa sababu ni nani mwingine hapa anayeshonea uzi wa Nyangwe.

Nikamuita Marcellin. Alitoka polepole, akaegemea ule ukuta uliopasuka.

"Nilikuuliza neno moja, ukageukia ukutani," nilimwambia. "Hata huo ukuta umepasuka. Mbele ya huyu mama, kambambili hizi ni za nani?"

Bienvenu alizima injini. Marcellin alichuchumaa, akaweka mkono chini kwa mara ya kwanza tangu afike, akalishika lile fundo kati ya vidole vyake.

"Ni za Lwamba," alisema. "Zangu ndizo zinamungoja kule."